Kurudisha chaza pwani yako, hatua kwa hatua (kwa vikundi vya Mtwara na Lindi)

Maswali ni yale yale. "Vifaranga vya chaza nanunua wapi?" "Nikimwaga magamba baharini leo nitavuna lini?" "Tumeweka mawe karibu mwaka mbona hayaoti kitu?" Nimekuwa najibu mtu mmoja mmoja kwenye simu, sasa naona bora niandike yote sehemu moja ili mtu wa Mikindani, Msangamkuu, Sudi, Kilwa Masoko au popote kwenye mwambao wetu huu apate pa kuanzia.

Jibu la kwanza: vifaranga hununui. Bahari inavyo. Chaza wakubwa wanamwaga mayai na mbegu za kiume kwenye maji, vinakutana huko huko, kitoto kinaelea wiki mbili tatu hivi alafu kinatafuta kitu kigumu na kisafi cha kujibandika, na kikishajibandika basi hakihami tena mpaka kife. Kinachopenda kuliko vyote ni gamba la chaza mwenzake. Kwa hiyo kazi yako ni kumpa pa kukaa na kumlinda mpaka akue, na hapo kwenye kumlinda ndo vikundi vingi vinaanguka, maana kupanga magamba ni kazi ya siku mbili na kila mtu anapiga picha, ila kulinda ni kazi ya miaka na hamna anayekuja kupiga picha.

Naongelea chaza wa miamba na mikoko, huyu anayekaa eneo linalofunikwa na kufunuliwa na maji, ambaye wamama zetu wanamgonga na kumchemsha. Chaza wa lulu ni habari nyingine na vifaa vyake vingine, usichanganye.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Watu 6 mpaka 10 wanaoishi karibu, na wawemo wamama wanaookota chaza. Kikundi cha vijana watupu hakijui bahari ya kupwa kama wanavyoijua wao.
- Magamba ya chaza au kombe, mengi. Kwa tuta moja dogo la mita 2 kwa mita 1, kimo sentimita 30, unahitaji ndoo 30 za lita 20.
- Kamba ya usumba (ile ya makumbi ya nazi). Kamba ya mkonge inafaa pia ila inaoza mapema zaidi kwenye maji ya chumvi.
- Vifuu vya nazi, sementi kidogo, chokaa na mchanga laini, kama magamba hayatoshi.
- Vipande vya mwanzi, nyundo, msumari wa kutobolea.
- Glovu nene na viatu vya kufunika mguu mzima. Ndala hapana. Gamba la chaza linakata kama wembe na kidonda chake kinaoza haraka, ukikatwa osha pale pale kwa maji safi na sabuni na kama jeraha limeingia ndani nenda zahanati wakakuchome sindano ya pepopunda.
- Daftari na kalamu ya risasi (peni inafutika ikilowa), rula, na fremu ya mbao ya mraba, sentimita 50 kwa 50.
- Jedwali la maji kupwa na kujaa, au mzee anayesoma mwezi vizuri.

Mashine ya kupima chumvi mkiipata sawa, msipoipata msisimame.

Hatua

1. Tembeeni pwani siku za bamvua. Bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, inakuja siku moja mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, na huku kwetu maji yanakuwa yamekauka kabisa kwenye saa 4 asubuhi hivi. Tokeni saa 2 na nusu mkifuata maji yanavyoshuka, na yakianza kugeuka rudini, msing'ang'anie, maana huku kati ya kupwa na kujaa bamvua kuna zaidi ya mita 3 na mkondo wa kwenye vijito vya mikoko haukupi muda wa kufikiria.

Mnatafuta nini? Kwanza mstari wa chaza. Kwenye mwamba au kwenye mizizi ya mkoko utaona wanaanzia urefu fulani na kuishia urefu fulani, juu ya hapo jua linawaua, chini ya hapo wanaliwa au wanazibwa na tope. Huo mstari ndo kipimo chenu, uwekeni alama.

Pili, tafuteni makovu. Chaza akibanduliwa, kifuniko cha juu kinaondoka na nyama, lakini cha chini mara nyingi kinabaki kimegandana na jiwe. Inama uangalie. Kikiwa cheupe na kinang'aa ndani, kimegongwa juzi juzi. Kikiwa na rangi ya kijivu au ukijani na kingo zimelika, ni cha zamani. Mwamba uliojaa makovu ya zamani bila chaza hai ni mahali pazuri sana pa kuanzia, kwa sababu unakuambia chaza waliwahi kuishi hapa vizuri, walichukuliwa tu. Sehemu ambayo haijawahi kuwa na chaza hata wazee hawakumbuki, achana nayo hata kama inapendeza na iko karibu na barabara.

Tatu, kanyaga. Mguu ukizama kupita kifundo, magamba yako nayo yatazama.

Chagueni sehemu 3 za kujaribia, sio 1.

2. Vibali, na hapa usiruke. Anzeni na BMU ya kijiji (kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi na fukwe) na serikali ya kijiji, alafu afisa uvuvi wa halmashauri. Kama mko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, lazima ofisi ya hifadhi ijue na ikubali kabla hamjaweka hata jiwe moja. Kwenye mikoko ongeeni na TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), ile ni misitu ya hifadhi. Ombeni kwa maandishi, mtunze nakala. Kuna kikundi nakifahamu kilipewa ruhusa ya mdomo na ofisi moja, yule mtu akahamishwa, aliyekuja hana habari, wakaambiwa watoe kila kitu, na vifaranga vilikuwa vimeshabandika. Inauma.

3. Kubalianeni kufunga eneo kabla ya kuweka magamba. Hii wengi wanaiweka mwisho, mimi naiweka hapa kwa makusudi. Kaeni na wanaookota pale, hao ndo wenye pale hasa, muulizane: tutafunga wapi, kwa muda gani, nani ataruhusiwa kupita, na mtu asiye na kipato kingine ataokota wapi wakati huo. Swali hili la mwisho lisipojibiwa kikao ni bure. Mama mwenye watoto watatu hawezi kula makubaliano. Ndo maana nashauri mfunge sehemu ndogo, muache nyingine wazi.

Mfano mzuri uko Gambia. Kule wamama wanaovuna chaza wa mikoko, wanaofanana kwa maisha na hawa wa kwetu, waliungana mwaka 2007 kwenye chama kinachoitwa TRY, wakakubaliana wenyewe kurefusha miezi ya kufunga, na mwaka 2012 serikali ikawapa haki ya kusimamia chaza na kombe wa eneo lao la Tanbi. Mwaka huo huo wakapata tuzo ya kimataifa, Equator Prize. Hawakuanza na teknolojia, walianza na kikao.

Wakati wa kikao kubalianeni pia namna ya kuvuna kwenye maeneo yaliyo wazi. Hakuna kukata mizizi ya mkoko ili kubeba chaza na mzizi wake, ukikata umeondoa chaza na nyumba. Na kwenye mwamba, mfungue pale pale, toa nyama, kifuniko cha chini kiache kwenye jiwe. Hilo gamba ulilobakiza ni kiti cha kifaranga kijacho na halijakugharimu kitu.

4. Kusanyeni magamba na kuyaanika. Mtayapata kwa wanaochemsha chaza nyumbani, sokoni, na kwenye hoteli chache zinazouza. Mshindani wenu mkubwa ni tanuri la chokaa. Pwani yetu imechoma matumbawe na magamba kupata chokaa miaka mingi, Mikindani ndo usiseme, kwa hiyo ongeeni na wachomaji mapema, hata mkilipana kidogo. Hata Marekani kwenye ghuba ya Chesapeake, ambako inakadiriwa chaza waliobaki ni kama asilimia 1 ya waliokuwepo zamani, sehemu ya tatizo ilikuwa hiyo hiyo, magamba yalitolewa baharini yakaenda kwenye chokaa na barabara, na chaza wadogo wakakosa pa kubandika.

Anikeni juani, tandaza, usirundike mlima. Yageuzeni kila wiki. Magamba ya ghuba yenu wenyewe yaacheni angalau miezi 3 mpaka nyama yote iishe na harufu ipotee kabisa, ukinusa usikie vumbi tu. Magamba ya kutoka mbali, tuseme Tanga au Zanzibar, ushauri wangu msiyatumie kabisa, na mkilazimika basi mwaka mzima juani, maana yanabeba magonjwa na viumbe ambavyo ghuba yenu haivijui.

Angalizo: chaza hai wa kutoka ghuba nyingine msilete. Kamwe.

Magamba yakiwa machache tumieni vifuu. Sementi sehemu moja, chokaa sehemu moja, mchanga laini sehemu moja, maji kidogo kidogo mpaka iwe nzito inang'ang'ania kidole, chovya kifuu, anika kivulini. Vikikauka vilowekeni kwenye maji wiki mbili hivi mkibadilisha maji mara kwa mara, sementi mbichi ina ukali unaofukuza vifaranga.

5. Tundikeni mishipi ya majaribio. Msijenge tuta kabla ya hii. Toboa gamba katikati kwa msumari, pitisha kamba ya usumba, kati ya gamba na gamba weka kipande cha mwanzi cha sentimita 5 ili yasibanane. Magamba 10 kwa mshipi. Fungeni mishipi 5 kwenye kila sehemu kati ya zile 3, kwenye miti ya mianzi iliyochomekwa (sio miti ya mikoko!), urefu ule ule wa mstari wa chaza mliouweka alama. Andikeni tarehe.

Mwezi unaofuata tundikeni mingine mipya pembeni, na unaofuata tena. Watu wananiuliza mwezi gani mzuri. Miezi ya joto, kaskazi, mara nyingi chaza wanazaa sana, lakini ghuba na ghuba zinatofautiana na mvua zinatofautiana, mishipi yenu itawaambia ukweli wa kwenu kuliko kalenda ya mtu yeyote, mimi nikiwemo.

6. Someni mishipi. Baada ya wiki 6 mpaka 8 shusheni mshipi mmoja, suuza kwa maji ya bahari taratibu, usisugue. Angalia upande wa ndani wa gamba, ule laini, hapo ndo rahisi kuwaona. Kifaranga ni kidude bapa cha duara lisilonyooka, ukubwa wa dengu au chini yake, kimelala kabisa kwenye gamba, rangi ya kahawia au zambarau iliyopauka, na kingo zake nyembamba kiasi kwamba zinaonyesha kilichopo chini. Pitisha ukucha: hakitoki.

Msikichanganye na vile vidude vyeupe vigumu vinavyochongoka na tundu juu, vinavyoganda pia kwenye mitumbwi. Hivyo sio chaza. Vipo kila mahali na kikundi kimoja kilisherehekea kabisa kikidhani ndo vyenyewe.

Hesabu kwa kila gamba, andika. Sehemu yenye vifaranga kwenye magamba mengi ndo mtakayojenga. Sehemu iliyopata sifuri miezi yote mitatu, hameni bila huruma.

7. Jengeni tuta. Chagueni siku za bamvua mwanzoni mwa miezi ile mishipi iliyoonyesha vifaranga vingi. Mkijenga miezi 4 kabla, magamba yatavaa utando na majani ya bahari, kitoto kikija kinakuta kumejaa.

Chini wekeni mawe ya nchi kavu, usitoe tumbawe baharini kujengea, kubomoa kimoja ili ujenge kingine hakuna maana. Juu yake mifuko ya usumba iliyosukwa yenye matundu ya sentimita 2 au 3, imejazwa magamba, imefungwa, imepangwa na kuegemeana. Kamba itaoza baadaye, na mpaka hapo chaza wenyewe watakuwa wameshikana. Neti za plastiki nawaomba msitumie hata kama zinapatikana bure, zinachanika na kubaki baharini miaka.

Kilele cha tuta kisipite mstari wa chaza. Kimo sentimita 30 kinatosha, kikiwa kifupi sana tope linakifunika. Kati ya tuta na tuta acheni njia ya mita 1 maji yapite, chaza anakula kinachopita na maji, maji yakisimama hana chakula. Anzeni na tuta 1 au 2. Ndoo 30 zinaonekana chache mkiwa kwenye kikao, subirini mzibebe kwenye tope.

Baada ya kupanga wekeni chaza wachache wakubwa walio hai kutoka mwamba wa jirani uliosongamana, wale walioshika kwenye mawe madogo mnayoweza kubeba na jiwe lake. Usiwagonge kuwatoa, ukivunja gamba unampelekea kaa chakula.

8. Lindeni na hesabuni. Miezi 3 ya mwanzo nendeni kila bamvua. Ondoeni konokono wanaotoboa magamba, ondoeni majani yaliyofunika, rudisheni mifuko iliyobingirika. Baadaye kila miezi 3 inatosha. Tupa fremu sehemu 3 za tuta bila kuchagua, hesabu chaza hai waliomo, pima urefu wa 20 kati yao, andika. Msipoandika, mwakani mtabishana kwa kumbukumbu na anayepaza sauti atashinda.

Kuvuna, mimi ningesema msifikirie kabla ya miaka 2, na hata hapo tuta lenyewe liacheni kama mama wa ghuba, mvune pembeni yake ambako vifaranga vitakuwa vimesambaa. Na chaza wanachuja maji, kila kilichomo wanakibeba, kwa hiyo sehemu iliyo karibu na mfereji wa maji machafu jengeni kwa ajili ya bahari tu, msile, na kwingine kote pikeni wakaiva sawasawa.

Ikigoma

*Hamna kifaranga hata kimoja.* Angalia urefu kwanza, wengi wanaweka juu sana kwa sababu ndipo pa kufikika kirahisi. Kama urefu uko sawa, magamba yana utando? Vifuu vilikuwa na sementi mbichi? Kuna chaza wakubwa hai wowote kwenye ghuba? Kama wakubwa wameisha kabisa, fungeni kwanza sehemu yoyote iliyobaki na wachache, subirini msimu.

*Vilibandika alafu vikapotea.* Gamba lina kitundu kidogo cha mviringo kilichochongwa vizuri: konokono. Gamba limevunjwa vunjwa kingoni: kaa. Gamba limebaki zima liko wazi na tupu: joto, tope au maji baridi (yasiyo na chumvi). Kwa konokono na kaa, mishipi inayoning'inia inapona kuliko tuta la chini, kuzeni vifaranga kwenye mishipi mpaka wafike sentimita 2 au 3 ndo mshushe.

*Wamekufa wote baada ya mvua.* Mto umeshusha maji baridi na tope. Hii inawapata sana walio karibu na mdomo wa Lukuledi au Ruvuma, na mvua za kama wakati wa kimbunga Hidaya, Mei 2024, hazina mjadala. Chaza anafunga mdomo kustahimili siku kadhaa, wiki nyingi hawezi. Sogeeni kuelekea bahari kuu, na mgawanye matuta sehemu mbili ili mvua moja isimalize yote.

*Tuta limezama.* Ondoeni mifuko yote, tandikeni kwanza mianzi iliyofungwa msalaba kisha mawe, rudisheni. Likizama tena hapo hapafai.

*Vile vidude vyeupe vimejaa kila gamba.* Mmeweka mapema au mmekosea mwezi. Toeni mifuko, anikeni juani wiki kadhaa, sugueni, rudisheni mwezi ambao mishipi inasema.

*Watu wanaiba usiku.* Rudini hatua ya 3 kabla ya kukimbilia polisi. Mara nyingi anayeiba ni mtu ambaye hakuitwa kwenye kikao, au aliitwa akanyamaza kwa sababu alijua hana pengine pa kwenda. Mwiteni, muulizeni aokote wapi, mpeni zamu ya ulinzi yenye posho kama mna mfuko wa kikundi. Akirudia baada ya hapo ndo BMU ichukue hatua kwa sheria ndogo za kijiji, na iwe kwa kila mtu, hata kama ni ndugu wa mwenyekiti.